Ufagio pekee haumfanyi msichana kiongozi

KATIKA ligi nyingi za kandanda ulimwenguni, timu hupata alama tatu kwa kushinda, moja kwa kutoka sare na patupu kwa kushindwa. Katika mtaa wa Mathare, kilomita chache kutoka katikati ya jiji la Nairobi, kuna ligi ya vijana iliyojipatia umaarufu kwa hesabu ya ziada: timu iliyojitokeza kusafisha mtaa na kuimaliza kazi yake ilipewa alama sita. Alama hizo ziliingia katika jedwali sawasawa na zile za mabao. Timu yenye washambuliaji hodari wasiopenda kushika sepetu iliweza kujikuta mkiani, huku wasafishaji wakitwaa taji.

Kanuni hiyo ni ya chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake, MYSA. Kilianzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa mshauri wa masuala ya mazingira katika Umoja wa Mataifa, baada ya kuwaona watoto wa mtaa huo wakicheza mpira uliosukwa kwa karatasi za plastiki na kamba, katikati ya taka. Alikubali kuwasaidia kwa sharti moja, kwamba nao wafanye jambo kwa ajili ya mtaa wao. Mwaka 1992 chama hicho kilitunukiwa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, na katika miaka ya 2003 na 2004 jina lake liliwasilishwa kuwania Tuzo ya Amani ya Nobel.

Wapenzi wa soka wanayafahamu hayo, hasa wale wanaoikumbuka Mathare United, klabu iliyozaliwa humo mwaka 1994 na kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008. Kisichozungumzwa sana ni kwamba kwa miaka mitano ya mwanzo soka hiyo ilikuwa ya wavulana. Timu za wasichana zilianza mwaka 1992, na tangu hapo Mathare imekuwa mahali pazuri pa kulitafakari swali ambalo wazazi na walimu wengi hujiuliza: je, kazi za kujitolea zinamsaidia msichana kuwa kiongozi, au zinamwongezea tu kazi?

Swali hilo si la bure. Kama kufagia peke yake kungezaa viongozi, Bunge la Kenya lingejaa wanawake tangu siku ya uhuru. Lakini ilibidi kusubiri hadi mwaka 1969 ndipo mwanamke wa kwanza, Grace Onyango wa Kisumu, achaguliwe kuwa mbunge. Msichana wa Kiafrika hajawahi kukosa kazi za kuihudumia jamii. Huteka maji, huwabeba wadogo zake, huosha vyombo vya matanga na vya harusi, na mgeni akifika shuleni yeye ndiye hutumwa kumletea chai. Kwa miaka mingi, katika shule hizo hizo, aliyesimama mbele ya gwaride kusoma majina ya waliochelewa alikuwa kaka yake.

Fauka ya hayo, maneno yenyewe “huduma kwa jamii” yana historia isiyopendeza nchini. Sheria iliyopitishwa mwaka 1998 iliwawezesha mahakimu kuwahukumu wenye makosa madogo kufanya kazi za umma badala ya kwenda gerezani, na Wakenya wengi wakisikia maneno hayo humkumbuka mtu anayefyeka nyasi katika afisi ya chifu kwa kosa la kuuza chang’aa. Shuleni nako, kusafisha vyoo kumekuwa adhabu tangu enzi za mababu zetu. Mradi wowote unaomtaka kijana ashike reki kwa hiari yake hauna budi kwanza kuing’oa fikra hiyo.

Mathare iliing’oa kwa kuifanya kazi hiyo kuwa sehemu ya mchezo. Aliyekuwa akizoa taka hakuonekana mkosaji tena. Alionekana mtu anayeitafutia timu yake alama. Na hapo ndipo uongozi unapoanza kuonekana, si katika kuzoa kwenyewe, bali katika yale yanayotakiwa kufanyika kabla ya kuzoa.

Chukua mfano wa nahodha mwenye umri wa miaka 14 ambaye timu yake imepangiwa kuzibua mtaro siku ya Jumamosi. Ni lazima awapitishie wenzake habari mapema, naye ajue ni nani atakayekuja na ni nani anayetoa udhuru tu. Ni lazima ahesabu sepetu, reki na mikokoteni, aandike ni nani kachukua nini, na ahakikishe vyote vimerudi. Ni lazima ajue taka zitapelekwa wapi baada ya kutolewa mtaroni, maana zikiachwa kando ya mtaro mvua ya kwanza itazirudisha. Jaa la Dandora, linalopokea taka za Nairobi tangu miaka ya 1970, liko mbali na mkokoteni wa mtoto. Kwa hivyo lazima lori lipatikane, na lori halipatikani bila mtu kwenda kuomba, kungoja na kukumbusha.

Kisha kuna mwenye kibanda ambaye maji yake machafu ndiyo yanayouziba mtaro. Mara nyingi ni mtu mzima, rika la baba yake huyo nahodha. Msichana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa anajikuta hana budi kumkabili. Akimfokea, amevunja adabu na hatasikilizwa. Akinyamaza, timu nzima itarudi hapo mwezi ujao kuzoa uchafu ule ule. Inambidi ajifunze kusema “mzee, samahani, tunaomba utusaidie” kwa namna ambayo mzee hawezi kuisikia kama ombi la mtoto wala kama tusi. Sijui somo la darasani linaloweza kufundisha jambo hilo.

Watu wazima tunaoishi katika mitaa yenye lori la taka la kila wiki huenda tukaona mambo haya ni madogo. Mathare si madogo. Mitaro ikiziba, maji hupita ndani ya nyumba. Mafuriko ya Aprili na Mei mwaka 2024 yalipoukumba mto Mathare, watu walipoteza maisha na familia nyingi zikabaki bila makao. Mtaro peke yake usingeyazuia mafuriko makubwa kama yale, lakini mkazi yeyote wa bondeni anajua tofauti kati ya mvua ya kawaida inayopita kwenye mtaro uliozibuliwa na ile inayokuta umejaa.

Muundo wa chama chenyewe ndio unaoyafanya mafunzo hayo yasiishie mtaroni. Mathare na mitaa jirani imegawanywa katika kanda, na kila kanda ina kamati inayochaguliwa na vijana wenyewe. Kutoka huko hupatikana wawakilishi wa mabaraza ya juu yanayosimamia michezo na huduma kwa jamii. Wengi wa wanaokalia viti hivyo wako katika umri wa shule ya upili. Wanapanga ratiba, wanasikiliza rufaa za timu zinazodai kuonewa, na wanaamua ni eneo gani lisafishwe kwanza. Uwanjani pia kuna nidhamu ya aina yake: anayeruhusiwa kuzungumza na refa ni nahodha peke yake, na mbali na kadi ya njano na nyekundu, ipo kadi ya kijani anayopewa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wote.

Aidha, zipo tuzo za uongozi. Kijana hujikusanyia alama kwa kufundisha timu za watoto, kuchezesha mechi na kushiriki katika usafi, na wanaofanya vizuri hulipiwa karo. Pesa hizo hupelekwa shuleni moja kwa moja badala ya kutiwa mkononi mwa mshindi. Kwa msichana anayetoka katika nyumba ambayo karo ikipungua yeye ndiye hutolewa shule kabla ya kaka yake, huo si mchango mdogo. Anakuwa mtu anayejilipia masomo kwa kazi ya hadhara inayojulikana na kila jirani, na hilo hubadilisha jinsi anavyosikilizwa mezani kwao.

Hata hivyo, kuwaingiza wasichana hakukuwa rahisi. Utafiti wa shirika la Population Council uliochapishwa mwaka 2002, ulioandikwa na Martha Brady na Arjmand Banu Khan, ulieleza vikwazo ambavyo mzazi yeyote wa Nairobi atavitambua: kazi za nyumbani zisizokwisha, hofu ya wazazi kuhusu usalama wa binti zao, na giza. Mvulana akimaliza mechi saa kumi na mbili na nusu hurudi nyumbani akipiga mluzi. Msichana akifanya hivyo huulizwa alikuwa na nani. Iliwabidi makocha waende kuzungumza na wazazi, na ratiba zizingatie kwamba binti ana saa chache mno ambazo ni zake mwenyewe.

Ni hapa ambapo miradi mingi huanguka. Waandalizi huweka mkutano wa kamati saa kumi na moja jioni, wasichana wanne kati ya watano hawafiki, kisha inaandikwa katika ripoti kwamba wasichana hawana hamu ya uongozi.

Nje ya Nairobi, mfano ulio karibu zaidi na huu uko Kilifi, katika pwani ya Kenya, ambako tangu mwaka 2001 limekuwapo shirika la Moving the Goalposts. Jina hilo maana yake ni kusogeza milingoti ya goli, nalo limeusogeza kwelikweli. Lilianzishwa mahususi kwa ajili ya wasichana na soka, katika eneo ambalo mimba za mapema na ndoa za utotoni zimewakatizia masomo wengi. Huko msichana hachezi tu. Wasichana ndio makocha, ndio wanaotoa huduma ya kwanza mchezaji anapoumia, ndio wanaokaa kwenye kamati za kuendesha ligi, na wengine hupata mafunzo ya kuwaelimisha wenzao kuhusu afya ya uzazi.

Zaidi ya yote, wasichana ndio waamuzi. Kazi ya uamuzi inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ni mafunzo ya uongozi yaliyokamuliwa hadi yakabaki kiini. Mwamuzi hukata shauri kwa sekunde mbili mbele ya umati, nusu ya watu watachukia vyovyote atakavyoamua, na hawezi kusema atawasiliana na wakubwa kwanza. Akikosea, lazima aendelee. Msichana wa miaka 16 aliyepuliza kipenga kuonyesha penalti huku wanaume wakimzomea kutoka pembeni mwa uwanja, naye akasimama na uamuzi wake, ana kitu ambacho wanasiasa wengi hukitafuta hadi uzeeni.

Wazo la kuwapa wasichana wadogo madaraka ya kweli si geni. Mwaka 1909 wavulana wa skauti walipokusanyika Crystal Palace jijini London, kundi la wasichana lilijitokeza bila kualikwa na kudai nao watambuliwe. Mwaka uliofuata chama cha Girl Guides kikaundwa, kikiongozwa na Agnes, dada yake Robert Baden-Powell. Kilifika Kenya mwaka 1920, na Baden-Powell mwenyewe amezikwa Nyeri, alikofariki mwaka 1941. Siri ya chama hicho, tukiacha sare na nyimbo, ni kikundi kidogo chenye kiongozi wa rika lile lile. Wasichana sita hadi wanane hujigawia kazi na hawawezi kujificha nyuma ya umati. Katika kundi la 40 wapo watakaopita muhula mzima bila kufungua kinywa.

Upo pia mpango wa Tuzo ya Rais, ulioanza nchini mwaka 1966 kwa vijana kuanzia umri wa miaka 14, wenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu, ambao unamtaka mshiriki atoe huduma kwa miezi kadhaa mfululizo. Urefu huo wa muda ni jambo la busara. Kupanda miti siku moja mbele ya kamera ni kazi ya mtu yeyote. Kurudi kuimwagilia mwezi wa Januari, jua likiwaka na kamera zikiwa zimekwenda zake, ni kazi nyingine kabisa. Marehemu Profesa Wangari Maathai alilielewa hilo mapema. Vikundi vya wanawake vya Green Belt Movement, alivyoanza kuviunda mwaka 1977, vililipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulionusurika, wala si kwa kila mche uliopandwa. Ili walipwe, wanawake ambao baadhi yao hawakuwa wamesoma sana iliwabidi wahesabu, waandike, wakague na waripoti. Vikundi vilivyoanza na miche vilipofika miaka ya mwisho ya 1980, vilikuwa na sauti ya kuhoji ni nani anayegawa ardhi ya umma.

Basi tofauti kati ya mradi unaomkuza msichana na ule unaomtumia ni ipi? Kwa maoni ya mwandishi, iko katika nani anayeamua. Ukitaka kuijua, usitazame ni wasichana wangapi walioshika ufagio kwenye picha. Tazama daftari la kumbukumbu. Katika vikundi vingi vya vijana vyenye mchanganyiko, mwenyekiti ni mvulana na katibu ni msichana, na watu husema hiyo ni nusu kwa nusu. Lakini mara nyingi katibu huyo kazi yake ni kuandika yaliyoamuliwa na wengine, kwa sababu ana mwandiko mzuri. Kikundi kinachokusudia kweli kufunza hubadilisha vyeo kila muhula, na humpa msichana zamu ya kushika fedha, kwa kuwa anayejua kilichomo kwenye sanduku hawezi kupuuzwa mkutanoni.

Ni sharti pia aruhusiwe kukosea. Watu wazima wanaosimamia vikundi hivi wana mazoea ya kuingilia mambo yanapokwenda kombo: lori halikufika, basi mwalimu anapiga simu mwenyewe, hesabu hazilingani, basi anazisahihisha usiku. Kazi inakamilika lakini msichana hajajifunza chochote, isipokuwa kwamba mambo makubwa hushughulikiwa na wengine. Afadhali mtaro ubaki umeziba kwa wiki moja zaidi na kamati ikae chini kujiuliza ni nani aliyepaswa kulifuatilia lori.

Kuna upande mwingine ambao hauna budi kutajwa waziwazi. Penye vijana, kocha mtu mzima na zawadi ya kugawa, pana hatari ya msichana kudhulumiwa. Anayepanga timu, anayetia saini fomu za karo na anayechagua wa kusafiri ana nguvu kubwa juu ya mtoto anayetamani vitu hivyo. Mafunzo ya kujiamini hayatoshi kumkinga. Kinga ni taratibu: wanawake miongoni mwa makocha, uamuzi wa tuzo kufanywa na watu wengi badala ya mmoja, na mahali pa kulalamika ambapo anayelalamikiwa hakai. Bahati nzuri, msichana aliyezoea kusoma kanuni za ligi na kukata rufaa huwa mgumu kunyamazishwa.

Matokeo ya haya yote katika uongozi wa nchi ni vigumu kuyapima, wala haitakuwa haki kudai kwamba kila mwanamke aliyepata cheo alianzia kwenye mtaro. Takwimu zenyewe zinaonyesha mwendo wa pole. Katiba ya mwaka 2010 inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, lakini Bunge lilishindwa kupitisha sheria ya kulitekeleza hilo, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 hakuna hata mwanamke mmoja aliyechaguliwa kuwa gavana katika kaunti 47. Mwaka 2017 walikuwa watatu, na mwaka 2022 wakawa saba.

Vyama vya siasa hupenda kueleza kwamba vimekosa wanawake wenye uzoefu wa kugombea. Uzoefu huo hauwezi kuanza mtu akiwa na miaka 35. Mvulana huanza kuupata akiwa mdogo, kwenye ukumbi wa mjadala, kwenye kituo cha bodaboda, kwenye kundi la vijana wanaokaa nje ya duka hadi usiku wakibishana. Mahali hapo msichana hapatikani, na akipatikana husemwa. Ligi ya mtaa, kamati ya usafi na kikundi cha maskauti wa kike ni miongoni mwa sehemu chache ambako anaweza kugombea kiti, akashindwa, na akarudi mwaka ujao akiwa amejua kwa nini alishindwa.

Likizo ikikaribia, afisi za makanisa, misikiti, shule na mashirika ya mitaani huanza kubandika matangazo ya miradi ya vijana. Mzazi anayefikiria kumwandikisha binti yake anaweza kuuliza mambo machache kabla ya kutia saini. Kamati ilichaguliwa lini na nani? Daftari la fedha liko kwa nani mwezi huu? Ni kazi gani iliyoshindikana mwaka uliopita, na wasichana wenyewe waliamua nini baada ya hapo? Mkutano huisha saa ngapi, na ni nani huwasindikiza hadi nyumbani?